Daftari la chipukizi: kumfuatilia mkimbiaji kijana wa Arusha mwaka hadi mwaka

Mashindano ya shule yakiisha, picha za karatasi za matokeo huanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Kijana wa kidato cha pili amekimbia mita 3000 kwa 8:45, na kabla jua halijazama ameshaitwa Simbu mpya, kwa jina la Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni. Mwaka unaofuata hakuna anayemtaja. Hajulikani kama aliumia, kama alirudi Mbulu kusaidia nyumbani, au kama zile hazikuwa mita 3000 tangu mwanzo.

Haya ni kwa mwalimu wa michezo, kocha wa kambi, mzazi, na mpenzi yeyote wa riadha anayetaka kujua nani anakua kweli. Vifaa ni vichache: kaunta buku ya kwaya tatu, stopuwochi mbili au tatu, futikamba ya chuma ya mita 50, na subira ya miaka mitatu. Hiyo miaka mitatu sijaitaja ovyo. Msimu mmoja unakuambia kijana alikuwaje siku chache za mwaka mmoja. Misimu mitatu, iliyoandikwa pamoja na mazingira yake, ndiyo inayoonyesha anaelekea wapi. Na mazingira nayaona kuwa nusu nzima ya kazi.

Anza na uwanja

Viwanja vingi vya shule huku kwetu vina mzunguko wa chokaa juu ya nyasi. Mtu mmoja ameshika kamba katikati, mwenzake anazunguka na kopo. Sekunde nyingi huzaliwa au hupotea hapo. Kila mita moja inayopungua kwenye nusu kipenyo cha kona inaondoa mita 6.28 kwenye mzunguko mzima. Kamba ya katani ikilowa hufupika, kwa hiyo iliyolala nje kwenye umande itakupa kona ndogo kuliko ile uliyoipima jana mchana. Tumia waya au futikamba yenyewe, acha kamba.

Tuseme mzunguko umetoka mita 390 badala ya 400. Mita 3000 ni mizunguko 7 na nusu, maana yake kijana amekimbia mita 2925. Aliyetumia 8:45 hapo alikuwa anakwenda mita 5.57 kwa sekunde, na zile mita 75 zilizobaki zingemchukua sekunde 13 na nusu. Muda wake wa kweli ni kama 8:58. Kati ya 8:45 na 8:58 kuna tofauti ya kijana wa kupelekwa kambini leo na kijana wa kusubiriwa amalize shule kwanza.

Kupima hakuchukui hata nusu saa. Pima nyoofu zote mbili, kisha nusu kipenyo cha kona kutoka kitovu. Kama uwanja una ukingo ulioinuka ndani ya njia ya kwanza, mstari wa kupimia uko sentimita 30 nje ya ukingo huo. Kama ni chokaa tu, hesabu sentimita 20. Zidisha nusu kipenyo cha mstari wa kupimia kwa 6.283, jumlisha nyoofu mbili. Uwanja wa kawaida una nyoofu za mita 84.39 na nusu kipenyo cha 36.50 hadi kwenye ukingo. Ukiongeza zile 0.30 unapata 36.80, na hesabu inatoka 400 kamili. Uwanja wako ukitoka 387 au 412, hakuna haja ya kuuchora upya kabla ya mashindano kesho. Andika tu hiyo namba kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na utaitumia kusahihisha kila muda unaotoka hapo.

Ukikosa futikamba ndefu, baiskeli inafaa. Weka alama kwenye tairi, ilaze alama chini kabisa, sukuma mizunguko kumi ya gurudumu, pima urefu uliopatikana, gawanya kwa kumi. Usiipande, isukume kwa mkono wakati wa kupima gurudumu na wakati wa kupima uwanja, kwa sababu uzito wa mtu unalibonyeza tairi na kubadilisha urefu wa kila mzunguko. Upepo wa tairi nao uwe ule ule. Saa ya GPS usiitegemee kwa kazi hii. Kwenye kona inaunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka na kuyumba mita kadhaa, na chini ya miti mirefu kule Ngaramtoni inayumba zaidi.

Halafu kuna kosa la kuhesabu raundi. Mbio za mizunguko 7 na nusu zenye vijana 30 uwanjani huzalisha kila mara mtu aliyekatishwa raundi moja pungufu, na mara nyingi ni yule wa nane au wa tisa ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama. Ukiona kwenye karatasi kijana ambaye juzi alikuwa 9:50 leo kawa 8:40, hesabu kwanza raundi zake kabla ya kumpigia kocha simu. Ndiyo maana inafaa kuandika muda wa kila mzunguko, hata kwa vijana watatu tu unaowafuatilia. Raundi za 70, 71, 72, 71 haziwezi kuficha raundi iliyopotea.

Saa mkononi

Mita 3000 na 5000 huanzia upande wa pili wa uwanja, kama mita 110 kutoka mstari wa kumalizia ukipima kukata katikati. Sauti inachukua theluthi ya sekunde kufika hapo. Mtunza muda anayebonyeza anaposikia mlio amempunguzia kila mkimbiaji theluthi hiyo. Tazama moshi wa bastola, au kama mwanzishaji anatumia filimbi au vibao, mwambie ainue mkono na kuushusha, nawe bonyeza kwa kuuona mkono.

Stopuwochi inakuonyesha 8:45.23. Muda wa mkono hupandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata, kwa hiyo andika 8:45.3, kamwe si 8:45.2. Saa tatu zikitofautiana zote, chukua ya katikati. Mbili zikilingana, chukua hizo. Kama una saa mbili tu na hazilingani, chukua iliyo ndefu. Muda wa mkono uandike kwa tarakimu moja baada ya nukta ili miezi sita baadaye ujue haukutoka kwenye kamera ya mstari wa kumalizia. Hata rekodi kubwa zina alama hizi. Ile mita 1500 ya Filbert Bayi kule Christchurch mwaka 1974, alipovunja rekodi ya dunia, utaiona mahali pengine imeandikwa 3:32.2 na mahali pengine 3:32.16. Mbio ni moja, uandishi ndio umebadilika. Kwa mbio za 100 na 200 muda wa mkono huongezwa sekunde 0.24 unapoulinganisha na wa kamera, na kwa 400 huongezwa 0.14. Kuanzia 800 kwenda juu hakuna nyongeza.

Urefu kutoka usawa wa bahari

Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Moshi mjini ni chini zaidi, kati ya 800 na 900. Mbulu iko juu kuliko zote mbili. Hewa nyepesi humsaidia kidogo anayekimbia 100 hadi 400 kwa sababu upinzani wa hewa unapungua, lakini kuanzia 1500 kwenda mbele humchelewesha kwa sababu oksijeni ni kidogo. Kwa hiyo 15:00 ya mita 5000 pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, si 15:00 ya Moshi.

Watu wengi huuliza jedwali la kubadilishia. Yapo, lakini kwa vijana siyapendekezi, maana miili inaitikia hewa nyepesi kwa viwango tofauti, na aliyezaliwa juu haitikii kama aliyepanda basi jana. Jenga ulinganisho wako mwenyewe. Kila kijana anapokimbia umbali uleule Arusha na mahali pa chini ndani ya wiki tatu, andika jozi hiyo kwenye kurasa za nyuma za daftari. Ukifikisha jozi kumi na tano utakuwa na kipimo cha watu wako, katika viwanja vyako. Dar es Salaam iangalie kwa makini. Iko usawa wa bahari kweli, lakini kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu ule, faida yote ya oksijeni kwenye mbio za mita 5000 na 10,000 inaweza kuliwa. Kijana wa Arusha akikimbia Dar muda uleule wa nyumbani, usiseme amedumaa. Andika saa ya mbio na hali ya hewa, kisha endelea.

Barabarani mambo ni magumu zaidi. Nusu marathoni ya Kilimanjaro Marathon pale Moshi hupanda kuelekea Mweka, kisha hugeuka na kushuka. Muda wa pale usiuweke safu moja na muda wa barabara tambarare. Kinachofaa ni nafasi, pengo dhidi ya watu unaowajua, na mgawanyo wa kupanda na kushuka. Anayepoteza sekunde 40 kwenye kupanda na kuzirudisha zote kwenye kushuka ni mkimbiaji tofauti na anayefanya kinyume, hata kama wamemaliza pamoja. Wa kwanza msubiri kwenye mbio za tambarare, wa pili mpeleke mbio za nyika.

Mtanzania Gabriel Geay, mkimbiaji wa marathoni, anatupa mfano safi kwa watu wazima. Desemba 2022 alikuwa wa pili Valencia kwa 2:03:00, barabara tambarare, wapo wa kuvuta mwendo. Aprili 2023 alikuwa wa pili Boston kwa 2:06:04, vilima, hakuna wa kuvuta mwendo. Anayesoma saa tu atasema ameshuka dakika tatu ndani ya miezi minne. Lakini siku ile ya Boston hata Eliud Kipchoge, bingwa mara mbili wa marathoni ya Olimpiki, alimaliza wa sita. Na hiyo Boston yenyewe haikubaliki kwa rekodi za dunia, kwa sababu mteremko kutoka mwanzo hadi mwisho unazidi mita moja kwa kila kilomita, na mwanzo na mwisho viko mbali kuliko nusu ya urefu wa mbio. Kila mbio ya barabarani huku kwetu inayoanzia juu na kuishia chini ipige alama nyekundu kwa sababu hiyohiyo.

Wastani, asilimia na miaka ya mazoezi

Muda bora mmoja unapendwa kuliko unavyostahili. Kijana A amekimbia mita 5000 mara tatu msimu huu: 14:31, 15:02, 15:10. Kijana B: 14:46, 14:49, 14:52. Magrupu yatamtaja A. Wastani wa A ni 14:54, wa B ni 14:49. Mimi ningemfuatilia B kwa karibu zaidi, na ile 14:31 ya A ningeirudia kuikagua: uwanja gani, raundi ngapi, nani aliongoza, kiatu gani. Kiatu siku hizi ni swali la lazima. Kijana aliyeazimwa raba zenye bamba la kaboni anaweza kuruka hatua ya mwaka mzima kwa siku moja, akazirudisha Jumatatu na kurudi alipokuwa. Andika jina la kiatu au andika «pekupeku», zote ni taarifa.

Maendeleo yahesabu kwa asilimia ili uweze kulinganisha umbali tofauti. Kutoka 4:12 hadi 4:04 kwenye 1500 ni sekunde 8 kati ya 252, sawa na asilimia 3.2. Kutoka 15:10 hadi 14:50 kwenye 5000 ni sekunde 20 kati ya 910, sawa na asilimia 2.2. Sekunde 20 zinasikika kubwa, lakini aliyepiga hatua ndefu ni wa 1500.

Sasa safu ambayo madaftari mengi hayana, nami naiona ya thamani kuliko zote: miaka ya mazoezi. Pembeni ya umri andika ni lini kijana alianza kufanya mazoezi ya mpangilio, angalau siku nne kwa wiki chini ya mtu anayeelekeza. Kukimbia kwenda shule kilomita tano usiihesabu hapa, iandike peke yake, ina faida yake. Kijana wa miaka 17 mwenye miaka mitano ya mazoezi makali na 8:30 kwenye 3000, na mwenzake wa miaka 17 mwenye miezi minane na 8:50, ukiniuliza ni nani wa kuwekezwa nitakujibu wa pili, bila kusita sana. Wa kwanza huenda ameshatumia sehemu kubwa ya alichonacho. Wa pili hajaguswa.

Mwaka wa kwanza wa kambi nao una mtego wake. Mtoto anayetoka kijijini Hanang au Mbulu akifika kambini Arusha anaanza kula mara tatu kwa siku, analala kwa muda wa saa nane, anakimbia na watu wanaomzidi. Atapanda kwa kasi ya kutisha kwa miezi sita hadi kumi na mbili. Makocha na mawakala humwona katika dirisha hilo na kuchora mstari unaoendelea hadi mbinguni. Subiri mwaka wa pili. Akiendelea kupanda, hata kidogo, baada ya chakula na mpangilio kuwa jambo la kawaida, hapo ndipo una kitu.

Na mstari haupandi kwa kunyooka. Alphonce Simbu alikuwa wa 12 kwenye marathoni ya mashindano ya dunia Beijing mwaka 2015. Mwaka 2016 akawa wa tano Olimpiki ya Rio, mwaka 2017 akachukua shaba ya dunia London. Baada ya hapo ikaja miaka mirefu bila medali ya dunia wala ya Olimpiki: wa saba Olimpiki ya Tokyo, wa 17 Paris mwaka 2024. Angekuwa kwenye daftari la mtu asiye na subira, mstari ungepigwa juu ya jina lake. Aprili 2025 akawa wa pili Boston kwa 2:05:04, na Septemba 2025 akawa bingwa wa dunia Tokyo kwa 2:09:48, sekunde 0.03 mbele ya Mjerumani Amanal Petros. Alikuwa na miaka 33, miaka kumi tangu Beijing.

Jina na umri

Mtoto mmoja anaweza kuonekana kwenye karatasi tatu kwa majina matatu: jina la ubatizo na la baba, jina la baba na la ukoo, au jina la nyumbani lililoandikwa kwa masikio ya karani. Hata walio juu wanapatwa na hili. Failuna Abdi Matanga utamkuta mahali ni Failuna Abdi na mahali ni Failuna Matanga. Mpe kila kijana namba yake siku ya kwanza, mathalani 24-07 kwa wa saba uliyemwandikisha mwaka 2024, na chini yake andika kila tahajia uliyoikuta. Ukitafuta baadaye utafute kwa namba.

Umri una uzito zaidi. World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, huhesabu umri wa kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano: kundi la chini ya miaka 18 ni wa 16 na 17, la chini ya 20 ni wa 18 na 19. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka huohuo wanasimama mstari mmoja wakiwa na pengo la karibu miezi kumi na miwili, na kwenye miaka 16 pengo hilo linaonekana kwenye mapaja na mabega. Wa Desemba anayeshika nafasi ya tano ana mengi ya kusema kuliko nafasi yake. Andika mwezi, usiishie kwenye mwaka.

Kuhusu umri usio wa kweli, usianze kwa kutuhumu. Angalia mambo yanayopaswa kukubaliana: mwaka wa kuanza darasa la kwanza, mwaka wa mtihani wa darasa la saba, kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na tarehe kilipotolewa. Cheti kilichotolewa mwezi mmoja kabla ya mashindano si ushahidi wa uongo, familia nyingi vijijini hukata cheti wakati kinapohitajika, lakini ni sababu ya kuuliza. Uliza kwa heshima: «Shikamoo mwalimu, naomba kujua huyu kijana alianza hapa darasa la ngapi?» Mwalimu wa darasa anajua kuliko karatasi. Majibu yabaki kwenye daftari. Hawa ni watoto. Taarifa zao za kuzaliwa, za afya na picha za vyeti hazipandi kwenye grupu lolote, na mzazi au mlezi ajue kwamba unamfuatilia mwanawe na kwa nini.

Mwili unaobadilika

Kimo kipimwe kila baada ya miezi mitatu, pekupeku, mgongo ukutani, asubuhi. Mtu hupungua hadi karibu sentimita moja kufikia jioni, kwa hiyo kipimo cha asubuhi na cha jioni havilinganishwi. Wasichana hurefuka kwa kasi kubwa kwenye umri wa kama miaka 12, wavulana kama 14, kwa wastani. Wapo wanaotangulia na wanaochelewa. Kijana akianza kurefuka kwa kasi ya sentimita saba au zaidi kwa mwaka, tarajia mambo matatu: hatua inavurugika, muda unasimama au kurudi nyuma, na maumivu yanatokea chini ya goti au kwenye kisigino pale msuli unaposhika mfupa ambao bado unakua. Punguza mbio za kasi na miteremko, usimfute. Andika «anarefuka» kwenye safu ya maoni ili mwakani usishangae ule mwaka tambarare.

Kwa wasichana mwaka tambarare huja mara nyingi kati ya 13 na 17, na hapo ndipo tunawapoteza wengi. Mwili unaongezeka uzito kama unavyopaswa, muda unasimama, kocha anasema amenenepa, naye anaanza kujinyima. Kujinyima huleta muda mzuri kwa miezi michache, kisha mifupa inapasuka. Hedhi ikikatika miezi mitatu mfululizo ni dalili ya kwenda hospitali, si ya kushangilia wepesi. Swali hilo aulize mwalimu wa kike au matroni, peke yao, na kwenye daftari la kocha inatosha kuandika «apumzike, amepelekwa hospitali». Mtanzania Magdalena Shauri alikimbia marathoni kwa 2:18:41 na kuwa wa tatu Berlin mwaka 2023 akiwa na miaka 27. Msichana wa miaka 15 aliyesimama kwenye muda uleule kwa misimu miwili bado ana miaka kumi na miwili kufika huko.

Mapigo ya moyo ya asubuhi yahesabiwe sekunde 60 kamili kabla ya kuinuka kitandani. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne huzalisha kosa la mapigo manne kwa kukosea pigo moja. Yakipanda saba au kumi juu ya kawaida yake kwa siku tatu, kijana amechoka au anaumwa, na huku kwetu hilo linamaanisha kupima malaria kabla ya kuongeza mazoezi.

Siku ambazo hakukimbia

Nafasi tupu kwenye daftari zinahitaji maelezo kuliko zilizojaa. Kalenda ya shule peke yake inaeleza nyingi. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, wa kidato cha nne ni Novemba, na miezi miwili kabla ya hapo kijana anayesoma vizuri hupunguza mazoezi, na ndivyo inavyotakiwa. Masika, Machi hadi Mei, uwanja wa nyasi ni tope na muda wote unachelewa. Jaribio la mwezi Aprili lilinganishe na la Aprili iliyopita, si la Agosti. Pengo lisiloelezeka la zaidi ya wiki tatu lina moja ya sababu nne: jeraha, ada, kazi za nyumbani, au kahamishwa kambi. Piga simu siku hiyohiyo. Ukisubiri mwezi, namba ya simu itakuwa imeshabadilika.

Pengo kubwa kuliko yote huja baada ya kidato cha nne. Shule imeisha, mashindano ya shule yameisha, majeshi na timu za taasisi huchukua wachache, na waliobaki huingia kwenye mbio za barabarani za kila wikendi. Hapa naomba msomaji akae kidogo. Kijana wa miaka 18 anayekimbia kilomita 21 mara tatu kwa mwezi kwa ajili ya zawadi halaumiwi, fedha ile inalipa kodi ya chumba mtaa wa Sakina. Lakini kwenye daftari utaona jambo hilohilo kila mara: kasi ya 1500 na 3000 inakufa ndani ya mwaka mmoja, muda wa nusu marathoni unaboreka mara mbili kisha unasimama, na mwaka wa pili kuna jeraha la muundi au la mshipa wa kisigino. Kwenye mashindano yake World Athletics hairuhusu aliye chini ya miaka 20 kukimbia marathoni. Hesabu mbio za kila mwezi kwa kila kijana na uandike umbali. Zikizidi mbili za kilomita 10 au moja ya 21 kwa mwezi, zungumza naye na mlezi wake kuhusu kodi ya chumba kwanza, mazoezi baadaye, kwa kuwa tatizo limeanzia kwenye kodi.

Kwa matokeo ya barabarani chukua muda wa bastola (tangu mlio wa kuanza) kwa nafasi na muda wa chipu (tangu mtu avuke mstari wa kuanzia) kwa kasi ya mtu. Aliyesimama nyuma ya watu mia tano kwenye mstari wa kuanzia anaweza kuwa na tofauti ya dakika nzima kati ya hizo mbili, na chipukizi asiyejulikana ndiye anayesimama nyuma. Karatasi nyingi hubandika kumi bora tu. Piga picha ubaoni kabla haijabanduliwa, kisha mwombe karani orodha nzima. Mbio nyingi za hapa hazifiki kwenye kurasa za wanariadha za World Athletics, kwa hiyo usipoandika wewe siku ile, muda huo umepotea.

Kila baada ya wiki sita hadi nane fanya jaribio lako mwenyewe: mita 3000, uwanja uleule, saa 1 asubuhi, baada ya siku mbili za mazoezi mepesi, kijana akiwa peke yake au na mwenzake yuleyule. Muda wa kila raundi, mapigo ya moyo anapomaliza na dakika moja baadaye. Jaribio halishangiliwi wala halitangazwi. Likishakuwa mashindano, vijana watajiandaa kwa ajili yake na halitakuonyesha tena hali yao ya kawaida.

Mwisho wa kila mwezi piga picha kurasa zote na uzihifadhi mahali pawili, simu huibwa na kaunta buku hulowa. Na kijana anapohama kambi, anapoingia jeshini au anapopata shule nje, mnakilie kurasa zake zote, za vipimo vya kimo na za majeraha zikiwemo, umkabidhi mkononi yeye na mlezi wake. Kocha mpya atataka kumwongezea kilomita wiki ya kwanza, na ule ukurasa wa jeraha la Machi mwaka juzi utamwambia aanzie wapi.